Deni la Nyumba Lihesabiwe na Wenye Nyumba

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea, katika ofisi yetu ya tawi, watu wa namna moja. Si vijana wanaotafuta kazi, wala si wazee wanaofuatilia pencheni, hao tumewazoea. Hawa ni watumishi wenye mishahara, watu wazima na heshima zao, kila mmoja amebana bahasha ya benki kwapani. Wamekopa kwa ajili ya nyumba, na sasa wanatafuta mtu wa kuwafahamisha kilichomo ndani ya bahasha.

Mmoja wao ni mwalimu wa skuli ya msingi, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alikaa, akanywa maji, kisha akasema: "Ndugu Katibu, mimi nimeibiwa." Tukamwuliza ameibiwa na nani. Akafungua bahasha. Miaka mitano nyuma alikopa shilingi milioni 30 ili amalizie nyumba yake, deni la kulipwa kwa miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka. Kila mwisho wa mwezi hukatwa shilingi 420,000, upungufu mdogo tu, kabla mshahara haujamfikia mkononi. Kwa hesabu yake amekwisha kulipa milioni 25 na ziada. Alipokwenda kuuliza kilichobakia alitaraji kuambiwa milioni tano, au tuseme kumi, maadamu riba ipo. Akaandikiwa milioni 26.

Tulichukua karatasi tukapiga hesabu mbele yake, na tunawaomba ndugu wasomaji watuvumilie tuirudie hapa, kwani shida yote imelala humo. Asilimia 15 kwa mwaka ni sawa na asilimia moja na robo kwa mwezi. Asilimia moja na robo ya milioni 30 ni shilingi 375,000. Basi katika ile 420,000 ya mwezi wa kwanza, 375,000 ilikuwa ni riba tupu, na iliyokwenda kulipunguza deni lenyewe haikufika 45,000. Mwezi wa pili riba ikapigwa juu ya kilichobaki, na nafuu aliyoipata ilikuwa ya shilingi mia tano na kitu. Mwendo ndio huo, wa kobe, hata miaka ya mwisho ndipo sehemu kubwa ya malipo inapoligusa deni. Itakapotimia miaka 15 mwalimu atakuwa ametoa zaidi ya milioni 75.

Kwa hiyo mwalimu hakuibiwa. Hesabu ya benki ilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Kosa ni jingine: siku ile ya kutia saini hakupatikana mtu wa kukaa naye hata nusu saa akamwonyesha jedwali la malipo, mwezi kwa mwezi. Mkataba wenyewe ulikuwa kwa lugha ya Kiingereza, na herufi zake ndogo mithili ya punje za ufuta. Na huyu ni mtu anayefundisha hesabu. Tujiulize basi hali ya muuguzi, ya askari, ya tarishi.

Wako watakaosema kwamba mambo ya rehani ni mageni visiwani kwetu. Si kweli. Wazee wetu waliijua rehani, na iliwaumiza. Katika zama za ukoloni wenye mashamba ya karafuu walikuwa wakipata fedha kwa njia iliyoitwa bei ya khiyari. Kwa dhahiri ilikuwa ni kuuza: mwenye shamba anamwuzia tajiri, na anabaki na khiyari ya kulinunua tena katika muda waliopatana. Lakini katika muda huo muuzaji hukaa palepale katika shamba lake akilipa kodi kwa mnunuzi. Kodi ile ilisimama mahali pa riba. Sheria ya dini ilisalimika kwa jina, na mzigo ukabaki uleule. Matajiri nao walikuwa wamekopa kwa matajiri wakubwa kuliko wao, kwa hiyo bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia baada ya mwaka 1929, mnyororo mzima ulikazika, na aliyebanwa zaidi ni yule wa mwisho aliyekuwa shambani. Hali ilifika pabaya hata serikali ya kikoloni ikalazimika kutoa sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isiponyoke kwa madeni, na ugomvi wa sheria zile na biashara ya karafuu ukaendelea mpaka katika ule mgomo wa kununua karafuu wa mwaka 1937 na 1938.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali, wananchi wakagaiwa eka tatu tatu, na zikajengwa nyumba za ghorofa Kikwajuni, Kilimani na Michenzani. Kizazi kile kilizoea fikra kwamba nyumba hugaiwa. Wengine wakajenga kwa mtindo wetu tunaoujua sote: mwaka huu msingi, mwaka ujao matofali mia mbili, halafu nyumba inasubiri harusi ipite. Tunaposema kwamba Mzanzibari hana akiba tunakosea, akiba yake ni ile chungu ya matofali iliyoota nyasi uwanjani. Haina riba wala haimnyimi mtu usingizi. Ila nayo ina hasara yake, maana mvua za masika huyala matofali, saruji hupanda bei, na mtu huzeeka katika chumba cha kupanga hali nyumba yake imefika dirishani.

Ndiyo sababu mikopo ya nyumba ilipokuja watu waliipokea kwa furaha. Kwa upande wa Bara, ile Benki ya Nyumba iliyoanza katika miaka ya 1970 ilikwisha kufungwa mwaka 1995. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Hapa kwetu sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ilikwisha kuweka utaratibu wa haki ya kutumia ardhi, na mwaka 2010 ikapatikana sheria ya kumwezesha mtu kumiliki sehemu yake katika jengo la wengi. Mlango umefunguka. Hatusemi ufungwe. Tunachosema ni kwamba aingiaye ajue kina cha maji.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni namna riba inavyopigwa. Mabango barabarani hutaja asilimia tu. Lakini iko riba inayopigwa juu ya deni linalobaki, kama ile ya mwalimu, na iko inayopigwa juu ya mkopo wote wa awali mpaka siku ya mwisho, hata ukiwa umebakiwa na laki moja. Tuchukue milioni 30 hizohizo kwa miaka 10. Kwa asilimia 15 ya deni linalobaki utalipa takriban shilingi 484,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 10 ya mkopo wote wa awali utalipa 500,000. Asilimia kumi imekuwa ghali kuliko kumi na tano! Mtu mwenye pupa ataikimbilia kumi, na atamcheka jirani yake.

La pili ni muda. Wengi huona fahari kupewa miaka mingi kwa kuwa makato huwa madogo. Mwalimu wetu, lau angechukua miaka 10 badala ya 15, angekatwa kiasi cha 64,000 zaidi kwa mwezi, na mwisho wa safari angekuwa ameokoa zaidi ya milioni 17. Hatumlaumu. Pengine 64,000 hakuwa nazo. Lakini alikuwa na haki ya kuliona jambo hili kabla ya kuchagua.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu wetu tulifundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Wengi kwa ajili ya dini yao hukwepa riba, na benki nazo zimefungua madirisha ya Kiislamu, ikiwamo Benki ya Watu wa Zanzibar ambayo iliasisiwa mwaka 1966. Katika murabaha benki hununua kitu kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, nawe unalipa kidogo kidogo. Katika musharaka wa kupungua mnakuwa washirika wa nyumba, na unainunua sehemu ya benki hatua kwa hatua huku ukilipa kodi kwa ile isiyo yako bado. Ni njia njema kwa anayeifahamu. Lakini habari ya bei ya khiyari inatukumbusha tusiridhike na jina. Aulize mtu: jumla nitakayotoa ni ngapi? Nikipata fedha nikalipa mapema, nitapunguziwa? Katika murabaha bei imekwisha kupatana, na kupunguziwa ni hisani ya benki isipokuwa mmeandikiana. Na wenye familia wakumbuke pia kwamba katika mirathi deni hutangulia kabla warithi hawajagawana, kwa hiyo mtoto asiyejua kama nyumba ya baba imewekwa rehani hajui anachokirithi. Iwapo mkopo una bima ya kifo, karatasi ya bima ikae mahali ambapo mke na watoto wanapajua.

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Maofisini inajulikana kanuni ya kwamba makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara. Kanuni nzuri, lakini imegeuzwa. Iliwekwa kuwa ukuta wa kuzuia maporomoko, watu wameifanya kuwa shabaha: wakiona bado hawajafika theluthi huongeza mkopo wa pikipiki, kisha wa friji, mpaka waifikie. Na theluthi moja ya mshahara wa mwalimu haitoshi mchele, umeme, nauli ya daladala na madaftari ya watoto wanne. Panapopungua hufunguliwa daftari jingine, lile la dukani, na deni la dukani ndilo ghali kuliko yote kwa sababu halina hesabu.

Tulimwomba mwalimu na mkewe waandike kila shilingi iliyotoka kwa mwezi mmoja. Mke ana cherehani, na ndiye aliyeandika. Mume, tukubali tu, alisahau siku ya tatu. Matokeo yaliwashangaza wenyewe. Chakula hakikuwa tatizo, walikuwa wamekwisha kukibana mpaka pasipobanika. Fedha zilikuwa zikitokea milango miwili: simu, na michango. Harusi tatu, hitima moja, sare ya shangazi wa bwana harusi. Hapa tunasita, kwani mtu asiyechangia visiwani huzikwa peke yake, na hatuwezi kumshauri mtu avunje ujirani ili ailipe benki. Wao walipata njia yao: wameweka fungu la michango kila mwezi, na likimalizika wanakwenda kwenye shughuli kusaidia kwa mikono. Mke akasema, "Kumenya vitunguu nako ni mchango." Hajakosea.

Zaidi ya hayo, mwaka wa mshahara na mwaka wa dini haviendi pamoja. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo iko miaka ambapo futari, nguo za Idi na mahitaji ya kufungua skuli huangukia mwezi mmoja. Hilo si ajali, lajulikana miaka mingi mbele. Upatu wa akina mama mtaani hulipangia vizuri kuliko idara nyingi tunazozijua.

Lakini mwalimu angalau ana mshahara. Itazamwe hali ya mwenzetu wa Pemba mwenye mikarafuu, ambayo haizai sawasawa kila mwaka. Ya mvuvi anayengoja bamvua lipite. Ya kijana wa hoteli za mashariki anayepumzishwa masika. Ya mama wa mwani. Kipato chao kinakuja kwa msimu, na malipo ya benki yanakuja kila tarehe ileile. Mtu wa namna hii hukataliwa mkopo, au hukubaliwa kisha akaanguka mwezi wa nne. Sisi hatuoni kwa nini jedwali la malipo lisifuate msimu: kingi wakati wa mavuno, kidogo wakati wa ukame. Ni suala la kupanga hesabu tu, na benki zina mashine za kufanya hivyo.

Kwa ndugu zetu viongozi tuna maombi ambayo hayahitaji hata senti ya bajeti. Kila mkataba wa nyumba uandikwe kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza uonyeshe kwa tarakimu jumla yote itakayolipwa, si makato ya mwezi peke yake. Jedwali la malipo liambatanishwe, na mkopaji apewe siku kadhaa za kwenda nalo nyumbani kabla ya kutia saini. Waajiri nao, wanapopitisha makato, waangalie kinachobaki kwa jicho la mtu anayekula.

Mwalimu na mkewe wameomba kuonana na meneja Jumatatu. Wanataka kujua kama wakiongeza shilingi 50,000 kila mwezi kutoka kwenye cherehani, zitahesabiwa kupunguza deni lenyewe au zitawekwa tu kuwa malipo ya mwezi unaofuata, na jibu walipewe kwa maandishi. Mke ndiye atakayebeba daftari.