Panda, Shuka, Ingia, Toka: Vijineno Vidogo Vinavyobeba Safari Katika Kiingereza

Chukua vitenzi vinne ambavyo mtoto wa Unguja anavijua kabla hajaanza skuli: panda, shuka, ingia, toka. Kila kimoja kinajitosheleza. Ukisema "shuka", aliyekusikia amekwisha kujua kwamba mtu anatoka juu kwenda chini, au anaacha chombo alichokipanda. Sasa tafuta mwenzake katika Kiingereza cha kila siku. Utakutana na 'get off', 'get out', 'go down', 'come down', 'climb down'. Ni maneno mawili mahali petu pa moja, na lile la pili, lile dogo ambalo mwanafunzi hulimeza haraka, ndilo linaloeleza mwendo unaelekea wapi. Ondoa 'off' na 'out', linabaki 'get', ambalo peke yake halipandi wala halishuki.

Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, ameeleza jambo hili vizuri. Kuna lugha ambazo upande wa mwendo umo ndani ya kitenzi chenyewe, na kuna lugha ambazo kitenzi kinaeleza namna ya kwenda, na upande unaachiwa kijineno cha pembeni. Kiingereza ni cha kundi la pili. Ndiyo maana Mwingereza husema 'he ran in', 'he crawled in', 'he hurried in', na sisi tunasema aliingia mbio, aliingia akitambaa, aliingia upesi. Kwetu "ingia" inakaa pale pale na namna ya kwenda ndiyo inayobadilika. Kwao 'in' inakaa pale pale.

Walioingia lugha yetu kutoka upande wa pili walikutana na kazi hiyo hiyo, ila kinyumenyume. Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana, aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Mtu wa aina yake hawezi kutafsiri 'go' kwa neno "kwenda" akalala. Akiwa na 'go in' anahitaji kuingia, 'go out' kutoka, 'go up' kupanda, 'go over' kuvuka, 'go back' kurudi. Yeye alikuwa na neno moja lenye mikia mingi, na ikambidi ajifunze maneno mengi yasiyo na mkia.

Sisi tunaelekea upande mwingine, na kosa letu linafuata mkondo wake: tunaudondosha mkia. Tuseme frateri ametumwa bandarini Malindi kumpokea padre mgeni, mzee, anayeshuka kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam. Anamwandikia kwenye simu kwamba 'I will pick you at the port'. Kiingereza cha namna hii kimeenea Afrika Mashariki nzima, Nairobi na Kampala pia, na sisi kwa sisi tunaelewana bila shida. Lakini 'pick' bila 'up' ni kuchuma au kuchagua. Karafuu huchumwa, na hapo 'pick cloves' ni Kiingereza safi kabisa. Zile zilizoanguka chini zikaokotwa ndizo za 'pick up'. Mgeni wetu si karafuu ya mtini. Anayekuja kuchukuliwa kwa gari anahitaji 'pick up': 'I will pick you up at the port.'

Nduguye ni 'drop'. Ukimwambia dereva 'drop me at Darajani' utaeleweka, na Waingereza wenyewe husema hivyo, kwa sababu umetaja mtu na mahali. Linaloshangaza ni abiria anayesema 'I am dropping here'. Maana yake iliyo karibu zaidi ni kwamba anaanguka hapo. Pale ambapo Unguja unapaza sauti "Shusha!" na konda anagonga bati, Kiingereza husema 'I'll get off here'. Na anayemshusha mwenzake mahali kisha akaendelea na safari yake, huyo ame-'drop off'.

Hapa kuna kanuni moja inayofaa kuibeba. Kitenzi kikiwa kinahamisha mtu au kitu kingine, kijineno kinaweza kutenganishwa nacho: 'pick up the priest' na 'pick the priest up' zote ni sawa. Ila ukiweka kiwakilishi ni lazima kikae katikati: 'pick him up', 'drop them off', 'bring her in', 'take it back'. Kamwe si 'pick up him'. Kitenzi kikiwa kinakuhamisha wewe mwenyewe, hakitenganishwi: 'get on the boat', 'get on it'. Kanuni hii haimalizi kila kitu, lakini kwa vitenzi vya safari inakufikisha mbali.

Tukiwa bado bandarini, "panda" yetu inapanda kila chombo. Kiingereza kinagawa. Chombo ambacho ndani yake unaweza kusimama na kutembea, kama basi, boti kubwa, treni au ndege, ni 'get on' na 'get off'. Vivyo hivyo kile unachokikalia kwa kupanua miguu: baiskeli, pikipiki, punda. Gari dogo na teksi ni 'get in' na 'get out', na ngalawa pia huingiwa hivyo. Daladala zetu za mbao za kwenda shamba, ambazo mtu mrefu huingia ameinama kama anarukuu, zingestahili 'get in' kwa kila hali. Hata hivyo ni usafiri wa umma wa kupokea abiria njiani, kwa hiyo mgeni atasema 'get on' hata akiwa amejikunja.

Mlangoni pana jambo jingine, na hapo heshima ya mtu inaguswa. Mgeni amepiga hodi ofisini kwa paroko. Ukitafsiri "ingia" kwa 'enter', umesema neno sahihi kwa sauti ya hakimu. 'Come in' ndiyo "karibu ndani", na 'come on in' inazidisha ukunjufu. Wakati wa kutoka jihadhari zaidi. 'Get out of the car' ni maelezo ya kawaida kabisa, lakini 'get out!' peke yake ni "toka hapa!" ya kumfukuza mtu. Kikongwe aliyekaa kwenye gari, wewe ukiwa umemfungulia mlango, anastahili kitu laini zaidi: 'let me help you out'.

Halafu kuna "nakuja" yetu. Tunamwacha mgeni kwenye benchi, tunageuka na kuondoka, huku tunasema "nakuja". Kwetu ni adabu: maana yake sikukimbii, narudi sasa hivi. Mgeni akisikia 'I'm coming' na kukuona mgongo, anabaki na maneno yanayokwenda upande mmoja na mtu anayekwenda upande mwingine. Mwambie 'I'll be right back'. Hilo 'back' dogo ndilo linalomtuliza akae.

Njiani, usidanganywe na 'up' na 'down'. Mji Mkongwe hauna mlima, na bado mgeni anayelitafuta Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili, atakuuliza kama liko 'further down this street'. Haulizi mteremko, anauliza kama aendelee mbele. Ana haki ya kuuliza, maana minara ile huonekana vizuri kutoka baharini, lakini ukiwa vichochoroni kuta zinaificha. Mjibu 'go down this street', 'go past the shop', 'turn back if you come out at the sea'. Hiyo 'come out' ni kutokeza, neno zuri kwa mji ambao kila uchochoro unatokeza mahali usipopatarajia.

Anayetaka zoezi achukue safari ya Emau katika sura ya 24 ya Luka na kuisimulia mwenyewe kwa Kiingereza chepesi, bila kunakili Biblia. Wanafunzi wawili wanaondoka: 'set off'. Yesu anawakaribia: 'comes up to them'. Anatembea nao: 'walks along with them'. Anafanya kama anaendelea mbele: 'go on'. Wanamsihi, anaingia: 'goes in'. Baadaye wanainuka, 'get up', na kurudi Yerusalemu, 'go back', saa ile ile. Katika orodha hiyo ni 'go on' inayohitaji kuangaliwa mara mbili, kwa maana mwenyeji Mwingereza akikuambia hivyo huku amekusogezea sahani ya keki, hakutumi safari. Anakusihi uchukue kipande kingine.