VIGARI VYA UTOTO WETU



Mtu akisikia kwamba vijana wa darasa la mwisho wanakusanya vigari vya kuchezea, anacheka. Hata bwenini tulichekwa: "Bakubwa bazima, mungali munasukuma mutuka ya mikebe?" Basi leo tunataka kueleza kazi hii ni kazi gani, inafanywaje, na kosa gani tulilifanya sisi wenyewe, ili mwingine asilirudie.

1. Kigari kilichotoka mbali

Katika vigari vyetu kimoja si cha kwetu. Ni cha chuma, urefu wake kama kidole. Mama wa mmoja wetu alikikuta ndani ya mfuko wa koti, katika nguo za balo alizonunua sokoni Butembo. Rangi imetoka nusu, gurudumu moja halipo. Lakini tulipokigeuza tuliona maandiko tumboni: jina Matchbox, jina la kiwanda Lesney, na jina la nchi, Uingereza.

Tulitafuta habari zake, na tazama tulichokipata. Kiwanda cha Lesney kilianzishwa London mwaka 1947. Mmoja wa wenye kiwanda, Jack Odell, alikuwa na binti mdogo. Shuleni kwake mtoto aliruhusiwa kuleta kitu cha kuchezea ikiwa tu kinaingia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Mwaka 1952 baba yake akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara, ikaingia sawasawa. Watoto wengine nao wakataka, na mwaka 1953 kiwanda kikaanza kuuza vigari kwa jina hilo Matchbox, maana yake kisanduku cha kiberiti. Kwa hiyo basi kubwa na gari dogo la watu wanne vina karibu urefu mmoja: vyote vilipaswa kuingia katika kisanduku.

Hakikuwa kiwanda pekee. Dinky Toys za Liverpool zilipata jina hilo mwaka 1934, Ufaransa kuna Majorette, na Marekani ilileta Hot Wheels mwaka 1968. Lesney yenyewe ilifilisika mwaka 1982. Kumbe kigari chetu kimetuzidi umri sisi sote tunaokisukuma!

2. Namna kinavyotengenezwa

Madini yake ni mchanganyiko: zinki kwa sehemu kubwa, pamoja na aluminiamu, magnesiamu na shaba kidogo. Yanayeyuka kwenye joto la digri karibu 400, yaani chini kuliko aluminiamu ya mafundi wetu wa sufuria, ambayo inataka 660. Mafundi wa sufuria wanamimina katika kielelezo cha mchanga, na kielelezo kinabomolewa kila mara. Kiwandani kielelezo ni cha chuma kigumu, madini yanasukumwa ndani kwa nguvu, na kielelezo kilekile kinatoa vigari maelfu na maelfu.

Madini yakichafuka kwa risasi (ile madini laini, si ya bunduki), kigari kinaanza kupasuka chenyewe miaka mingi baadaye, hata kikiwa kabatini. Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya vita ya 1939 vimekufa hivyo.

3. Vigari vyetu

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu wengi hawakununuliwa kigari. Tulifanya wenyewe. Mkebe wa sardini ni karoseri ya kamio. Kifuniko cha chupa ni gurudumu, au soli ya kiatu cha mpira kilichochakaa, iliyokatwa kwa wembe. Waya unakunjwa kuwa shasi, na fimbo ndefu inafungwa volani juu, ili dereva akimbie amesimama. Malawi vigari kama hivi vya waya wanaviita galimoto. Asiye na waya alichonga shina la mgomba, lakini kamio ya mgomba ilioza kabla ya juma kuisha. Wengine walikuwa na chukudu ndogo ya mbao, wakashuka nayo mlimani bila breki, na makovu bado wanayo magotini.

Jambo tuliloligundua ni hili: kila kigari kinaonyesha mwaka wake. Mtoto anatengeneza gari analoliona. Walioishi kando ya barabara ya Kasindi walifanya kamio ndefu za mizigo. Na sisi tuliokuwa watoto Beni na Butembo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tulifanya jipu nyeupe, kwa sababu jipu nyeupe ndizo zilizopita kila siku. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200. Sisi tulicheza kwamba tunanawisha watu mikono, na tukibishana nani atakuwa dereva. Hatukujua kwamba tunaandika historia kwa mikebe.

4. Sheria za wakusanyaji

Wanaokusanya vigari vya zamani huko Ulaya wana sheria tatu. Ya kwanza: soma tumbo la kigari kabla ya kutazama rangi. Ya pili: tunza na kisanduku chake, maana kigari chenye kisanduku kina bei kubwa kuliko kilicho peke yake. Ya tatu: usipake rangi mpya. Rangi iliyokwaruzika ni ushahidi kwamba mtoto alikichezea.

Sheria hii ya tatu tuliijua baada ya kosa.

5. Kosa letu

Dada mmoja wa darasa la pili alituletea jipu kutoka Beni, iliyotengenezwa kwa mkebe wa mafuta ya msaada. Ilikuwa na kutu na matope makavu. Tukafurahi, tukataka kumpendeza. Tukaisugua kwa mchanga na sabuni, ndani na nje, halafu tukaipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye dirisha la darasa. Ikang'aa kama mpya.

Alipoiona hakusema asante. Aliigeuza, akatazama tumboni muda mrefu. Halafu akasema: "Ile mutuka ni ya yaya yangu. Aliandika jina yake hapa na biki. Mulipangusa mukono yake."

Yaya yake alikwenda shambani mwaka 2019, upande wa Beni, na hakurudi mpaka leo. Wazazi walipokimbilia Butembo, kilometa 54, yule mtoto alibeba jipu hiyo mgongoni ndani ya kitambaa. Picha ya yaya yake hawana. Lile jina la biki ndilo lilikuwa limebaki, nasi tulilimaliza kwa sabuni ya senti.

Tuliomba msamaha. Alitusamehe, lakini biki haikurudi. Baadaye tulimwomba atuambie jina, mwaka na kazi yote ya yaya yake, tukaandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya jipu. Yeye mwenyewe alisema tusiandike tena tumboni, kwa sababu mkono wetu si mkono wa yaya yake. Tulikubali.

6. Tunawaomba nini

Ukiwa na kigari cha zamani nyumbani, cha kiwanda au cha mkebe, usikioshe. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Kiweke mbali na maji, kwa sababu mkebe unaliwa na kutu. Chukua karatasi, andika: nani alikitengeneza, wapi, mwaka gani, kwa vitu gani, na gari gani alikuwa akiliiga. Ikiwa aliyekitengeneza yuko hai, mwulize leo, usingoje vakansi.

Siku ya proklamasio tutaviweka vyote juu ya meza moja katika darasa letu. Anayetaka kuleta chake alete, nasi tutaandika jina lake katika daftari na kumrudishia siku ileile. Jipu ya Beni itakuwa katikati, na mwenyewe ndiye atakayesimama kando yake kuieleza. Sisi tutamshikia mlango.