MZOA TAKA ALIYETWAA KOMBE LA AFRIKA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii wazee huwaambia vijana wanaotamani heshima bila ya jasho. Juma hili tunawaletea wasomaji wetu habari za Mfaransa mmoja aliyeinama kweli kweli hata akakipata alichokitafuta. Naye ni Hervé Renard, mwalimu wa kandanda.

Renard alizaliwa tarehe 30 Septemba, 1968, katika mji wa Aix-les-Bains, Ufaransa. Alicheza nafasi ya ulinzi katika klabu ya Cannes, kisha Vallauris na Draguignan, klabu ndogo za kusini mwa nchi hiyo. Hakuwa mchezaji wa kuimbwa, wala hakupata kuivaa jezi ya timu ya taifa. Alipoacha kucheza mwaka 1998, ilimbidi atafute kazi nyingine ya kumlisha.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya usafi. Aliamka usiku wa manane, wenziwe wakiwa usingizini, akaenda kutoa mapipa ya taka na kusafisha majengo ya watu. Jioni alishika filimbi, akawafundisha vijana wa Draguignan. Maisha hayo aliyaishi miaka kadhaa, na baadaye akawa na kampuni yake mwenyewe ya usafi. Leo huyasimulia hadharani bila ya kuona haya.

Aliyemfungulia mlango ni Claude Le Roy, Mfaransa mwenzake aliyeiongoza Kameruni kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1988. Mwaka 2002 Le Roy alimchukua kuwa msaidizi wake mjini Shanghai, Uchina. Mwaka 2004 walikuwa pamoja Cambridge United, klabu ya daraja la chini nchini Uingereza. Hapo Renard alikabidhiwa timu, lakini mwaka haukwisha kabla ya kuondolewa. Akahangaika hadi Vietnam, akarudi kwao, ndipo Le Roy akamwita tena kuwa msaidizi wake nchini Ghana. Mwaka 2008, Zambia ikampa timu yake ya taifa.

Zambia ilikuwa na jeraha la moyo. Tarehe 27 Aprili, 1993, ndege ya jeshi iliyokuwa ikiwapeleka wachezaji wake Senegal ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walifariki dunia, 18 kati yao wakiwa wachezaji. Kalusha Bwalya, nyota wa timu hiyo, alisalimika kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na hakusafiri na wenzake.

Miaka 19 ikapita. Mwaka 2012 Zambia ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na fainali hiyo ikapangwa kuchezwa Libreville. Kabla ya mchezo, vijana wa Renard walikwenda ufukweni, wakaweka maua kuwakumbuka kaka zao. Kalusha alikuwa pamoja nao, sasa akiwa rais wa chama cha kandanda cha nchi yake.

Tarehe 12 Februari walipambana na Kodivaa, timu iliyosheheni majina makubwa. Mapema mlinzi Joseph Musonda aliumia, akatoka akibubujikwa na machozi. Katika kipindi cha pili Didier Drogba akapewa penalti, akaupaisha mpira juu ya lango. Hadi mwisho wa muda wa nyongeza hapakuwa na bao. Ikaja mikwaju ya penalti, na Stoppila Sunzu akaufunga ule wa mwisho: 8 kwa 7. Katikati ya shangwe, Renard alimbeba Musonda mikononi kama mzazi abebavyo mwanawe, akampeleka kusherehekea na wenzake.

Mwaka 2015 alitwaa kombe hilo tena, safari hii akiwa na Kodivaa yenyewe, akawa mwalimu wa kwanza kulichukua na nchi mbili tofauti. Hata hivyo mwaka huo huo klabu ya Lille ya kwao Ufaransa ilimwachisha kazi baada ya miezi michache tu. Hakukata tamaa. Aliifikisha Moroko katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, na tarehe 22 Novemba, 2022, Saudia yake iliifunga Argentina mabao 2 kwa 1 nchini Qatar. Argentina hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa kombe.

Wazazi wasomao ukurasa huu wana la kuwaambia watoto wao. Wamwonapo mtu akisukuma pipa la taka kabla ya mapambazuko, wamsalimu kwa heshima. Kazi yake ni halali, na hakuna ajuaye jioni atakuwa akifanya nini.