Asis, Jua na Fahamu ya Mwanadamu

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa isimu hupenda kuniuliza baada ya mhadhara, lipo moja lisilochakaa. Je, ni kweli kwamba imani zote za wanadamu ni vijito vya chemchemi moja, na kwamba ipo kanuni inayoifunga fahamu ya mtu na ulimwengu mzima wa jua, mwezi na nyota? Mara nyingi anayeuliza huwa amekwisha kujipa jibu. Huja na orodha ya maneno yanayofanana kwa sauti, moja la Misri ya kale, jingine la India, la tatu la kwao nyumbani, akitaka mwalimu wake aithibitishe.

Swali hilo ni zuri, lakini ushahidi unaoletwa ni dhaifu. Nataka kuonyesha leo kwamba upo ushahidi ulio bora zaidi, nao uko karibu nasi, katika lugha ya Wakipsigis wa Kericho na Bomet. Nchi hiyo msafiri huijua kwa majani chai tu: kijani kibichi kilichotandazwa milima kwa mabonde, mvua ya alasiri na mvua ya mawe. Chini ya majani hayo limelala fundisho zima kuhusu mtu na ulimwengu, na inasikitisha kwamba watoto wengi wanalibeba katika majina yao bila ya kuambiwa maana yake.

Tuanze na neno lenyewe. Wakipsigis, kama Wakalenjin wengine, walimwita Mungu Asis. Waliita pia Cheptalel, lakini Asis ndilo jina lililoenea zaidi. Jua tunaloliona angani huitwa asista. Yeyote mwenye masikio atatambua kwamba shina ni moja. Nomino za Kikalenjin huwa na maumbo mawili, moja fupi na jingine lililoongezwa kiambishi tamati, na hapa matumizi ya kawaida yameyagawia maumbo hayo kazi mbili: umbo refu likabaki na jua, umbo fupi likaachiwa Mungu. Wakipsigis hawakusema kwamba lile duara la moto ndilo Mungu. Walisema kwamba Mungu hujulikana kwa jua, kama mtu ajulikanavyo kwa uso wake. Sarufi yenyewe iliwasaidia kuviunganisha vitu viwili bila kuvichanganya.

Hapa ndipo wapenzi wa orodha huingilia kati. Husema Asis ni Isis, yule mungu wa kike wa Misri. Dai hili limejadiliwa kwa kina na msomi Kipkoeech araap Sambu, ambaye mwaka 2007 alichapisha kitabu kizima juu ya simulizi za Wakalenjin kuhusu asili yao ya Misri. Ninaiheshimu kazi hiyo kwa wingi wa mambo iliyoyahifadhi. Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kukumbusha kwamba Isis ni umbo lililopitia kwa Wagiriki. Wamisri wenyewe waliliandika jina hilo kwa konsonanti ambazo wataalamu huzisoma takriban Aset au Iset, na ile s ya mwisho ni ya Kigiriki. Aidha, huko Misri mungu wa jua hasa alikuwa Ra. Mtu anaweza kuruka upesi na kusema kwamba Aset inafanana na Aseeta, jina la Mungu kwa Wadatoga wa Tanzania, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikalenjin. Lakini udugu wa lugha hauthibitishwi kwa neno moja wala mawili. Huthibitishwa kwa ulinganifu wa sauti unaojirudia katika makumi ya maneno ya kila siku. Ulinganifu huo tunao kati ya Kikalenjin na Kidatoga. Kati ya Kikalenjin na Kimisri cha kale haujathibitishwa.

Kiswahili nacho hutumiwa vivyo hivyo. Wapo wanaosema kwamba jua la angani na kitenzi kujua ni neno moja, kwa hiyo wahenga wetu walifahamu kwamba ujuzi ni mwanga. Ni wazo la kupendeza. Tukiwauliza ndugu zetu wa Kibantu, hata hivyo, hawatuungi mkono. Mkikuyu huliita jua riũa, na kujua kwake ni kũmenya. Mganda husema enjuba na kumanya. Mnyarwanda, izuba na kumenya. Hao wote wanalo neno la jua lililo ndugu ya letu, lakini neno lao la kujua ni jingine kabisa. Kufanana kwa jua na kujua katika Kiswahili ni sadfa, na mshairi ana uhuru wa kuichezea sadfa hiyo. Mwanafunzi asiitumie kama hoja.

Basi tuache sauti, tutazame fikra. Huko Mbulu na Karatu, Tanzania, Wairaqw humwita Mungu Looaa, na neno hilo ndilo jua pia. Wachaga wa Kilimanjaro humwita Ruwa, na ruwa ni jua. Asis, Looaa, Ruwa: maneno haya hayafanani hata kidogo, kwa sababu ya kwanza ni ya Kiniloti, ya pili ni ya Kikushi na ya tatu ni ya Kibantu. Lakini jamii tatu zisizo na lugha moja zimeliweka jina la Mungu na jina la jua katika neno moja, au katika shina moja. Ushahidi wa namna hii una uzito kuliko sauti mia zinazofanana.

Je, una uzito kiasi gani? Christopher Ehret, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu historia ya Waniloti wa Kusini, alionyesha kwa maneno ya mkopo kwamba mababu wa Wakalenjin waliishi kwa muda mrefu pamoja na watu wa lugha za Kikushi. Kwa hiyo inawezekana kwamba fikra hii ilipita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, kama vile Wakikuyu na Wakamba walivyolipata jina Ngai kwa Wamaasai, ambao kwao Enkai ni Mungu na vilevile ni mvua na mbingu. Ujirani lakini hauelezi kila kitu. Wajapani walimwadhimisha Amaterasu wa jua, na Wainka wa Amerika Kusini walimwabudu Inti, naye ni jua. Hao hawakukutana na Mkipsigis wala Mchaga. Mwanadamu popote alipo, anapotafuta neno la kile kinachompita, hushika kilicho karibu naye na kikubwa kuliko yeye. Mara nyingine ni mwanga. Mara nyingine ni pumzi: maneno ya roho katika Kiebrania, Kigiriki na Kilatini yote yalihusiana na pumzi au upepo, na roho yetu wenyewe, tuliyoipata kwa Waarabu, ina nasaba hiyo hiyo.

Kufikia hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Sivyo. Wakipsigis hawakuishia kumpa Mungu jina. Walimpa kila mtoto majina yanayomweka mahali pake katika ulimwengu, na naomba tuyatazame kwa makini.

Jina la kwanza lilikuwa la kurenet, yaani jina la mzimu. Mtoto alipozaliwa, wanawake wazee waliyataja majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo ukasaidia kazi. Jina ambalo mtoto alipiga chafya lilipotajwa ndilo lililokuwa lake. Iliaminika kwamba mmoja wa oiik, wahenga waliotangulia, amerudi kupitia kwake. Pumzi ya mtoto, kabla hajajua neno lolote, ilikuwa imekwisha kujibu.

Jina la pili lilikuwa la uji, kwa kuwa lilihusishwa na uji walioandaliwa wanawake waliohudhuria uzazi. Jina hili lilieleza wakati au hali ya kuzaliwa. Kipkorir na Chepkorir walizaliwa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Kipkoech na Chepkoech, kulipopambazuka. Kipngetich, ng'ombe walipokuwa wakitolewa malishoni. Kibet na Chebet, mchana. Kiprotich, ng'ombe waliporudi. Kiprono, mbuzi na kondoo walipoingia zizini. Kiplangat na Chelangat, jioni. Kipkemoi na Chepkemoi, usiku. Kiprop na Cherop waliletwa na mvua. Ukiyapanga majina haya unapata saa kamili, na mshale wake ni jua. Nasi Waswahili tusistaajabu, kwani saa yetu pia huanza kuhesabu jua linapochomoza. Kericho haifiki nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Katika nchi kama hiyo jua ni saa isiyodanganya.

Jina la tatu lilikuja kijana alipoingia utu uzima, naye akaitwa arap fulani, yaani mwana wa fulani. Mwana wa Kipkoech akawa arap Koech. Hili ndilo lililomkabidhi kwa baba yake na kwa jamii.

Tazama basi mtu huyu mmoja. Jina moja linamfunga na waliokufa, la pili linamfunga na jua na mvua na mifugo, la tatu linamfunga na walio hai. Kama mtu ataniuliza ni kanuni gani ya kiroho inayounganisha fahamu ya binadamu na ulimwengu, nitamjibu kwa majina haya matatu. Hujijui peke yako. Unajijua kwa waliokutangulia, kwa saa uliyoipokea bila ya kuichagua, na kwa watu unaowajibika kwao. Sijui dini kubwa hata moja inayokataa hayo, ijapokuwa kila moja huyasema kwa lugha yake.

Mwenye sayansi huenda akatabasamu. Atasema jua ni nyota, liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, na mwanga wake hutufikia baada ya dakika nane na sekunde chache, bila ya kujali jina la mtoto yeyote. Ni kweli. Mimi pia sidai kwamba maneno yanathibitisha kwamba jua lina akili. Lakini sayansi hiyo hiyo imetuonyesha kwamba mwili wa mwanadamu unabeba saa ndani yake, na kwamba kundi dogo la seli za ubongo hupokea habari za mwanga kutoka machoni na kuirekebisha saa hiyo kila siku. Mwaka 2017 tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa uchunguzi wao wa jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Usingizi wetu, njaa yetu na wepesi wa akili zetu hufuata jua. Wanawake wazee wa Kipsigis hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea walipoamua kwamba saa ya kuzaliwa kwa mtoto ni jambo la kukumbukwa.

Mwenye dini naye atahofu kwamba tunafufua upagani. Wakazi wengi wa Kericho na Bomet leo ni Wakristo, na simwombi mtu yeyote arudi kwenye mabwaita, ile madhabahu ya matawi iliyosimama nje ya nyumba upande wa mashariki. Ninachoomba ni kwamba tusiwe wageni wa maneno yetu. Kapkoros lilikuwa jina la mahali pa ibada ya watu wote, kutoka kap-, mahali, na neno la sadaka iliyotolewa hapo. Leo huko Bomet kipo kiwanda cha chai kiitwacho Kapkoros. Ni wangapi kati ya wanafunzi wanaopita langoni mwake wanaojua kwamba wanalitamka jina la madhabahu?

Hasara kubwa zaidi imo katika vitambulisho. Serikali, tangu enzi ya ukoloni, hutaka jina la ukoo lisilobadilika. Koech, Rotich, Korir, Langat na Rono yameganda. Mapambazuko aliyozaliwa babu yameandikwa kwenye cheti cha kitukuu aliyezaliwa usiku wa manane chini ya taa ya umeme. Na katika mashamba ya chai, zamu na mizani ya kupimia majani ndizo zilizochukua kazi ya kumwambia mtu ni wakati gani. Silaumu umeme wala vyeti. Nasema tu kwamba jina likiisha maana hubaki kuwa nambari yenye herufi.

Walimu wenzangu, dawa yake si ngumu wala haihitaji fedha. Fasihi simulizi imo katika mtaala, na kazi ya nyanjani imo pia. Mpe kila mwanafunzi daftari, amwendee nyanya yake na amwulize mambo matatu: nilizaliwa saa ngapi ya jua, nilipewa jina la nani miongoni mwa waliotangulia, na babu yangu wa tatu aliitwa nani. Aandike majibu kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha ayafasiri kwa Kiswahili. Wa Kericho alinganishe na mwenzake wa Moshi, na wa Mbulu, na wa Murang'a. Asikusanye sauti zinazofanana. Akusanye maana zinazofanana, na zile zisizofanana aziandike kwa uaminifu ule ule.

Kazi hiyo haiwezi kungoja sana. Wanaoyajua majina ya kurenet ni wazee, na hatutawaamsha kuwauliza watakapokuwa wamekwenda kuungana na oiik.