Kijana Mwenye Afya Akianguka Uwanjani



Kila Jumamosi, kuanzia Othaya hadi Karatina, vijana wetu wako uwanjani. Tukiwaona wakikimbia tunasema, "Huyu hana ugonjwa." Mara nyingi ni kweli. Lakini iko hatari moja isiyoonekana kwa macho: moyo kupoteza mpigo wake ghafla.

Moyo hupigishwa na umeme mdogo unaotoka ndani yake wenyewe. Umeme huo ukivurugika sana, moyo hutetemeka tu, damu haisukumwi, na mtu huanguka bila kugongwa. Pengine alizaliwa na msuli wa moyo ulio mnene kupita kiasi, kama alivyokuwa Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyefariki uwanjani Ufaransa mwaka 2003. Wengine wana kasoro katika umeme wenyewe, au moyo umeumizwa na virusi. Mazoezi makali huamsha shida iliyokuwa imelala. Si uchawi wala si jicho la jirani.

Lakini si lazima afe. Mwaka 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akichezea Bolton mjini London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na bado akapona. Walioufanyia kazi kifua chake walianza palepale uwanjani na hawakuacha.

Sasa sisi tufanye nini?

1. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Kama hajibu na hapumui, au anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma, msingoje. Akijinyonga kidogo mwanzoni, msidhani ni kifafa tu.

2. Mmoja apige simu 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mwingine atafute gari.

3. Mlaze chali. Weka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, mikono ikiwa imenyooka. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka, pokezaneni. Kama iko mashini ya kushtua moyo karibu, iletwe mbio.

Msimmwagie maji, msimtie kijiko mdomoni, na watu wasimsonge.

Pia tusikilize dalili. Kijana aliyezimia katikati ya mbio, anayeumwa kifua akikimbia, au ambaye jamaa yake alikufa ghafla angali kijana, asiambiwe "ni njaa tu." Asimamishe mazoezi kwanza, aende hospitali kubwa apimwe moyo kwa ECG.

Ya kujadili kikundini:

- Ni nani kati yetu amewahi kufunzwa huduma ya kwanza? Tunaweza kuchanga pesa tumwalike mkufunzi?
- Siku ya mechi, gari la nani litakuwa tayari?
- Kocha anajua ni vijana gani wamewahi kuzimia?

Mambo haya yaamuliwe kabla ya mechi ijayo, si baada ya matanga.