Siku ya Wenye Mji

Montpelier, makao makuu ya jimbo la Vermont, ndio mji mdogo kupita miji mikuu yote ya majimbo ya Marekani: hesabu ya mwaka 2020 ilionyesha watu 8,074. Jumanne ya kwanza ya Machi ikaribiapo kila mwaka, raia hujiandaa kuchagua madiwani na kupiga kura juu ya makisio ya fedha za mji na za shule. Tangu mafuriko ya Julai 2023 kuharibu maduka mengi, kila dola imekuwa na wadai wengi. Machi 2024, makisio ya shule nyingi za Vermont yalikataliwa, ikabidi yatengenezwe upya. Asiyepiga kura huwaachia jirani zake kumpangia kodi ya nyumba yake.