Safari ya Siku Saba Katika Milima ya Rwenzori

Kila mwenyeji wa Kibuyuni aujua usawa wa bahari, hata kama hajapata kulisikia neno hilo. Maji yakupwapo, wanawake wakashuka pwani kufunga mbegu za mwani katika kamba zao, nyayo zao hukanyaga karibu na pale ambapo wapima ardhi wa dunia nzima huanzia kuhesabu urefu wa milima. Ikisemwa kwamba mlima fulani una urefu wa meta elfu tano, maana yake ni kwamba kilele chake kimepanda meta elfu tano juu ya maji kama yale. Vilima vya Shimba, ambavyo mtu wa Kwale huviona kuwa virefu, havifiki meta 500.

Mbali upande wa magharibi, mpakani mwa Uganda na Kongo, iko safu ya milima iitwayo Rwenzori. Safu hiyo yaenea kiasi cha kilometa 120. Kilele chake kikubwa, kiitwacho Margherita, kina urefu wa meta 5,109, yaani zaidi ya futi 16,700. Katika Afrika nzima ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayokipita. Lakini milima hiyo miwili ilijengwa na moto wa volkeno, na kila mmoja umesimama peke yake. Rwenzori si volkeno. Ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa na nguvu za ardhi, na ndani yake mna milima mikubwa sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kwa sababu hiyo msafiri wa Rwenzori hapandi tu na kushuka, bali huzunguka kati ya milima, akavuka mabonde, maziwa na vipito vya mawe. Njia iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Mzunguko wa Kati, nayo huchukua siku saba.

HABARI ZA KALE

Kiasi cha mwaka 150, mtaalamu Ptolemy wa Iskandaria katika nchi ya Misri aliandika kwamba maji ya mto Nile hutoka katika maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Baadhi ya habari zake zilitokana na mabaharia waliofika pwani hii ya Afrika ya Mashariki. Wataalamu wengi huona kwamba huenda milima hiyo ndiyo Rwenzori.

Mwaka 1888 Henry Morton Stanley aliiona milima hii akawapasha habari watu wa Ulaya. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alivipanda vilele vyake vikubwa, na kilele cha juu akakipa jina la malkia Margherita. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Wakonzo, wenyeji wa mitelemko ya milima hiyo, walikuwa wakiijua tangu zamani. Waliwinda katika misitu yake, nao waliamini kwamba Kitasamba, roho mkuu, anakaa huko juu penye theluji.

SABABU YA BARIDI

Rwenzori iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Basi watu wengi huuliza: yawezaje kuwa na theluji mahali ambapo jua la mchana hupita juu ya utosi?

Jawabu lake ni hesabu nyepesi. Kila mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Kama Kibuyuni pana digrii 30 za joto, basi mahali penye meta 5,000 joto limepungua kwa mara tano ya 6, yaani 30. Palipobaki ni sifuri, na hapo ndipo maji hugeuka barafu. Jua ni lilelile moja, lakini hewa ya juu ni nyepesi nayo haiwezi kulishika joto.

SABABU YA KUKOSA PUMZI

Baridi yaweza kuzuiwa kwa nguo nzito. Liko jambo jingine ambalo halizuiliwi kwa nguo, nalo ndilo linaloua watu milimani.

Mvuvi azamiaye pweza ajua kwamba kadiri anavyokwenda chini ndivyo masikio yanavyobanwa, kwa kuwa maji yaliyo juu yake yana uzito. Hewa nayo ina uzito. Watu wa pwani wanaishi chini kabisa, kana kwamba wako kwenye sakafu ya bahari ya hewa, na hewa yote iliyo juu yao huibana ile wanayoivuta ikawa nzito na ya kutosha. Apandaye mlima ni kama mzamiaji anayerudi juu. Huko Margherita uzito wa hewa ni kadiri ya nusu tu ya ule wa Kibuyuni, ukizidi kidogo. Kila pumzi anayovuta mtu humpatia kadiri ya nusu ya oksijeni aliyozoea, nayo oksijeni ndiyo chakula cha damu na cha ubongo.

Hata chungu jikoni huonyesha tofauti hiyo. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Katika kambi za juu za Rwenzori huchemka yakiwa kama digrii 85, kwa hiyo maharagwe yaweza kukaa motoni mchana kutwa yasiive.

Mwili wa mwanadamu waweza kuizoea hewa hiyo nyepesi, lakini hutaka siku kadhaa. Ndiyo maana njia imegawanywa katika vituo vyenye vibanda vya kulala, na ndiyo maana haikimbiliwi.

SIKU KWA SIKU

Siku ya kwanza msafiri huanzia kijiji cha Nyakalengija, si mbali na mji wa Kasese, mahali penye kiasi cha meta 1,650. Hupita mashamba ya Wakonzo, kisha msitu mzito, mpaka kibanda cha Nyabitaba, kiasi cha meta 2,650.

Siku ya pili hushuka mpaka daraja la Kurt Schafer, karibu na mahali mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, kisha hupanda bonde la Bujuku katikati ya mianzi mpaka kibanda cha John Matte, juu ya meta 3,400. Hii ni siku ndefu na ya taabu.

Siku ya tatu ni ya matope. Njia hupita katika mabwawa ya Bigo, ambamo mtu aweza kuzama mpaka magotini, kama mtu wa pwani atembeaye katika tope la mikoko. Kwa hiyo wapandaji wa Rwenzori huvaa buti ndefu za mpira. Mimea ya huku ni ya ajabu: mimea ambayo jamaa zake katika nchi nyingine ni vichaka vidogo, hapa huwa miti mirefu kuliko mtu, iliyofunikwa kuvumwani kama nguo. Jioni hulala Bujuku, karibu na meta 4,000, kando ya ziwa lililozungukwa na milima ya Stanley, Speke na Baker.

Siku ya nne hupanda mpaka kibanda cha Elena, meta 4,541, mahali pa mawe matupu.

Siku ya tano huamka usiku wa manane. Kilele hupandwa kwa kamba, na kwa vyuma vyenye meno vifungwavyo chini ya viatu ili visiteleze juu ya barafu. Baada ya kufika Margherita, msafiri hurudi Elena, kisha huteremka mpaka maziwa ya Kitandara, kiasi cha meta 4,000. Asiyetaka kilele huweza kutoka Bujuku na kuvuka kipito cha Scott Elliot mpaka Kitandara bila kukanyaga barafu.

Siku ya sita huvuka kipito cha Freshfield, karibu meta 4,300, akateremka kupita Bujongolo, jabali ambalo chini yake msafara wa mwaka 1906 ulipiga kambi, mpaka kibanda cha Guy Yeoman. Siku ya saba hurudi Nyabitaba na kuteremka mpaka Nyakalengija alikoanzia.

ISHARA ZA HATARI

Ugonjwa wa mlima huanza kwa kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Anayeona dalili hizi hana budi kusema mara moja, akae pale alipo, wala asipande tena mpaka zitoweke.

Zikizidi, mambo mawili huweza kutokea. Maji huweza kuingia katika mapafu: mgonjwa hukohoa, hutweta hata akiwa amekaa, na midomo yake hubadilika rangi. Au ubongo huweza kuvimba: mgonjwa huyumba kama mlevi, husema maneno yasiyo na maana, asiweze kutembea sawasawa. Kila moja la mambo haya huweza kumwua mtu kwa saa chache. Dawa iliyo kubwa ni moja tu, nayo ni kumteremsha mgonjwa upesi, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha.

Ugonjwa huu hauchagui mzee wala kijana. Mwenye nguvu aweza kuupata kabla ya mnyonge, kwa kuwa nguvu zake humshawishi kwenda mbio. Wala kushikwa nao si aibu. Lakini wengi wameangamia katika milima ya dunia kwa kuuficha. Mtu ametoka mbali, ametoa fedha nyingi, wenzake wanamngoja. Huona haya kusema kwamba kichwa kinamwuma, hujikaza siku moja zaidi, na siku hiyo ndiyo inayomshinda. Kilele kitakuwapo mwaka ujao. Nahodha wa Shimoni akiona wingu baya hageuzi jahazi kwa woga, bali kwa sababu anataka kusafiri tena kesho.

Kanuni ya waganga ni hii: ukisha kupita meta 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya meta 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Njia ya Rwenzori mahali pengine huikaribia mno mipaka hiyo, kwa hiyo mwenye busara huongeza siku ya mapumziko. Mwenda pole hajikwai.

WAPAGAZI NA VIONGOZI

Hapana mtu anayeruhusiwa kuingia milimani bila kiongozi. Milima ilifanywa hifadhi ya taifa ya Uganda mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wapagazi na viongozi wengi ni Wakonzo, na tangu mwaka 1987 wenyeji wa Nyakalengija wana chama chao cha kuongoza wageni.

Pwani yalijua vyema neno mpagazi tangu siku za misafara ya bara. Mpagazi wa leo hubeba chakula, kuni au makaa na matandiko ya mgeni, akapita katika tope lilelile. Yeye naye ni mwanadamu, na ugonjwa wa mlima humpata vilevile. Msafiri mwema huuliza kama wapagazi wake wana nguo za baridi na mahali pakavu pa kulala, wala hawazidishii mzigo.

BARAFU INAYOPUNGUA

Wasafiri wa mwaka 1906 waliona barafu nyingi sana juu ya milima hii, kiasi cha kilometa za mraba 6 au 7. Wataalamu walipopima mwaka 2003, iliyobaki ilikuwa kama kilometa moja tu ya mraba, nayo ilikuwa ikiendelea kupungua. Sababu yake ni kubadilika kwa hali ya hewa ya dunia. Kwa viongozi wa milimani hii si habari ya vitabuni. Barafu hupasuka na kujitenga na mwamba, na njia iliyokuwa salama jana hutakiwa kutafutwa upya.

Mito ya Rwenzori hupata maji yake mengi kutokana na mvua, siyo kutokana na barafu, kwa hiyo haitakauka barafu ikiisha. Maji ya mto Mubuku humwagilia mashamba na kuzalisha umeme katika wilaya ya Kasese. Lakini mito hiyo huweza pia kuleta msiba: mwezi wa Mei mwaka 2013, na tena Mei mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba za watu, na mara hiyo ya pili hospitali ya Kilembe iliharibiwa. Msitu ulio juu ya mito hiyo ndio unaoyazuia maji yasiteremke yote kwa mara moja, kama vile mikoko izuiavyo mawimbi yasiule ufuo. Auhifadhiye mmoja amfanyia wema mtu asiyemwona, aliye mbali chini yake.

Atakaye kwenda na achague miezi yenye mvua chache, nayo ni Januari na Februari, au Julai na Agosti. Azoeze miguu yake kwa kutembea mwendo mrefu miezi miwili kabla ya safari, amwone daktari kama ana ugonjwa wa moyo au wa pumzi, achukue nguo kavu katika mfuko usiopitisha maji, na buti za mpira zinazomwenea. Zaidi ya yote, kabla ya kuondoka Nyakalengija, amwahidi kiongozi wake kwamba akiambiwa ateremke atateremka bila ya kubishana.